Laptopu Haisahau

Jumatatu, 10 Juni 2002

Laptopu imekufa.

Saa moja asubuhi nimeinua kitambaa, nimekuta kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema haioni diski. Tangu juzi ilikuwa inalia ka-ka-ka, nikadhani ni baridi. Nimeizima. Nimeiwasha. Nimeipiga kofi dogo la ubavuni, kama tunavyofanya kwa redio. Nimeomba. Hamna.

Ndani yake kuna ripoti ya utafiti ya Emilia, mke wangu. Kurasa sitini na tatu za mwandiko wake, nilizozichapa kwa vidole viwili tangu Februari. Emilia ni bibi shamba, yuko mwaka wa mwisho chuoni. Anatakiwa kukabidhi Ijumaa ya tarehe 21. Asipokabidhi anarudia mwaka, na ile nafasi ya wilayani aliyoingojea miaka sita anapewa mwingine.

Ni mimi niliyemkataza asipeleke kazi kwa Geofrey, jirani yetu, anayechapa barazani kwa taipureta. Nilisema taipureta ni ya wazee. Nilisema laptopu haisahau. Nilisema kwa sauti, ili Geofrey asikie. Ndiyo laptopu pekee mtaa mzima wa Makole, niliachiwa na mzungu wa mradi alipokuwa anarudi kwao.

Jioni Emilia kauliza kazi inaendeleaje. Nimesema vizuri sana, nanyoosha pambizo tu. Amefurahi, akanipikia mlenda. Nimekula ugali wote bila kusikia ladha.

Jumanne, 11 Juni

Nimetoroka kazini saa nne. Masjala haiwezi kufa kwa kukosa karani mmoja.

Nimekwenda kwa Kaushik, mtoto wa mzee Vithaldas wa duka la redio. Mjini hapa ndiye peke yake anayethubutu kufungua laptopu. Ametoa diski, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, akakiweka sikioni kama daktari. Kisha akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema hii imeshakufa, bwana Petro, na imekufa kwa joto.

Akanionyesha matundu ya ubavuni yaliyozibwa na nyuzi nyeupe. Akauliza kama huwa naifunika. Nikasema naam, kwa kitambaa cha kufuma, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyofunika redio yake, na kochi lake, na televisheni akijaliwa. Emilia alikifuma mwenyewe wakati wa uchumba, kina maua manane. Akauliza hata ikiwa inawaka? Nikasema hasa ikiwa inawaka! Nayo huwaka usiku na mchana, maana kuamka kwake ni kwa taabu, na kile kitaa cha kijani kinaonekana vizuri kutoka barabarani. Akasema niache kabisa kuifunika. Nikamwambia kinachoua vitu Dodoma ni vumbi. Akasema yeye amezaliwa hapa hapa, vumbi analijua. Kuzaliwa mahali siyo kupajua.

Ana diski nyingine, aliyoichomoa kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Tumekubaliana. Nimeacha baiskeli yangu kwake. Nimerudi Makole kwa miguu, upepo unanitia mchanga machoni, lakini moyo mwepesi.

Jumatano, 12 Juni

Imewaka! Nimempa Kaushik mkono mara tatu.

Kisha nimetafuta ripoti. Haipo. Ndani mweupe, kama chumba cha mpangaji aliyehama. Nimemwambia Kaushik amesahau kuweka kurasa. Akasema kurasa zilikuwa kwenye diski iliyokufa. Nikasema sawa, lakini hii si mpya? Akasema mtu akihamia nyumba mpya havikuti humo vyombo vya nyumba ya zamani.

Hilo hakuna aliyeniambia. Nilijua diski ni kile kinachozunguka tu.

Kaushik amesema kuna wataalamu Dar, huenda wakazitoa, huenda wasizitoe, kwa bei ya ng'ombe wawili na wiki nyingi. Akauliza kama nilihifadhi nakala kwenye flopi. Mwezi wa tatu Emilia aliniambia ninunue flopi, nikamwambia flopi ni za watu wenye wasiwasi. Basi zile karatasi alizoandika kwa mkono, Kaushik akasema, si unazo?

Nimeaga haraka.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna mtu naweza kumwambia. Karatasi sina. Mwezi wa tano nilimpa Mama Joha, muuza karanga wa njia panda. Zilikuwa zinajaza meza, na upande wa pili ni safi kabisa, na yeye alikuwa analia hana karatasi za kufungia. Akanishukuru kwa karanga za wiki nzima. Emilia alizila pia. Alisema tamu.

Naogopa.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango! Karatasi hazijaungua. Zimo mjini, zimebeba karanga. Nitazinunua.

Mama Joha amenipokea kwa furaha. Amesema zile karatasi ni imara, hazichaniki, niendelee na moyo huo huo. Amebaki nazo sita. Nyingine amegawana na wenzake: mmoja stendi, mmoja sokoni, wawili njia ya Bunge, maana msimu huu wa bajeti mji umejaa wageni na wageni wanatafuna sana.

Nimepata kurasa kumi na moja kabla ya magharibi. Tatizo ni kwamba huwezi kusema unataka karatasi. Inabidi ununue karanga. Na inabidi uchague, hiyo hapana, ile pale, geuza nione. Mama wa stendi ameniuliza kama mimi ni bwana afya. Nimesema ndiyo. Ameficha kapu.

Jumamosi, 15 Juni

Kurasa ishirini na sita. Tumbo limejaa upepo. Nikinusa karanga tu natapika.

Zimelowa mafuta, lakini mwandiko wa Emilia unasomeka, mwandiko mzuri wa kulala kidogo. Ripoti inahusu namna kaya zinavyotunza mtama na uwele kwenye vihenge. Ukurasa wa hamsini na nane nimeuokota chini, karibu na soko, mtu ameshaukanyaga. Humo anashauri kwamba kaya isiweke mavuno yote kwenye kihenge kimoja, kwani kikiingiwa na mchwa watu watalala njaa. Sijui kwa nini mtu asome miaka miwili ili aje kuandika jambo ambalo kila mtu analijua.

Nilipoinuka na ukurasa mkononi, Geofrey alikuwa amesimama mbele yangu. Amenisalimu kwa upole. Ameniuliza kama nyumbani tunakula. Yule mtu ana dharau ya kimya kimya. Nimemwambia nafanya usafi wa mji.

Kurasa nazificha chini ya godoro, upande wangu. Emilia kasema leo chumba kinanukia karanga. Nimesema ni majirani.

Jumatatu, 17 Juni

Zimefika kurasa arobaini, na yote yamekwisha.

Emilia karudi saa tisa, mapema mno. Hakunisalimu. Amefungua mkoba, ametoa karatasi moja iliyosokotwa, chumvi bado imo ndani, ameiweka juu ya laptopu, katikati ya maua manane. Ukurasa wa kumi na mbili.

Mwalimu Mazengo, msimamizi wake, alinunua karanga njia ya Bunge. Alipomaliza akakunjua karatasi, akaona mwandiko anaoufahamu na masahihisho yake mwenyewe kwa wino mwekundu. Akamwita ofisini. Akamuuliza, mbele ya walimu wenzake wawili, kama kazi aliyoisahihisha kwa miezi mitano ilikuwa imefika pale ilipokusudiwa.

Nimeeleza. Nimeanza na vumbi, nikaenda kwa mzungu, nikaja kwa Kaushik. Hakunikatiza. Afadhali angepiga kelele. Nilipomaliza kauliza swali moja tu: nyingine ziko wapi? Nimeinua godoro. Sisimizi walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia.

Amekaa kitandani akazipanga kwa namba, moja moja, akizipuliza. Alipofika mahali palipokosekana kurasa nane mfululizo akaacha. Akasema zile ndizo za bibi mmoja wa Mpwayungu aliyemweleza mambo ya vihenge siku mbili nzima, na yule bibi alizikwa mwezi wa nne. Kisha akalia. Miaka tisa ya ndoa, sikuwahi kumwona analia hivyo, kwa sauti ndogo, mkono mdomoni. Nilitaka kumshika bega. Nikaona mikono yangu ina mafuta.

Jumanne, 18 Juni

Emilia ameondoka asubuhi kwenda Chamwino kwa dada yake Tereza. Kachukua madaftari yake ya shambani, na kanga mbili. Kurasa kaziacha mezani zikauke.

Nimekwenda chuoni. Nimempa Mwalimu Mazengo shikamoo kwa mikono miwili, nikamwambia kosa ni langu lote. Amesema hilo halikuhitaji utafiti. Lakini si mtu mbaya. Amempa Emilia wiki moja zaidi, hadi Ijumaa ya tarehe 28. Baada ya hapo majina yanapelekwa, naye hana la kufanya.

Nilipokuwa natoka ameniita, akaniuliza kama naweza kumtajia yule mama wa karanga, maana zilikuwa zimekaangwa vizuri.

Jumatano, 19 Juni

Salamu zimetoka Chamwino, na zimepitia kwa Geofrey! Kwa kuwa ana simu ya mkononi. Amesimama mlangoni kwangu akazisoma kutoka kwenye kikaratasi, kama tarishi. Emilia anaandika upya kurasa zilizopotea, kwa kumbukumbu na kwa madaftari. Geofrey atakwenda na taipureta yake Jumatatu kuchapa yote. Mimi nipeleke zile kurasa arobaini na moja Jumapili. Nisizifanye chochote. Nizipeleke tu.

Geofrey amerudia hilo la mwisho mara mbili. Nimemwuliza kama limeandikwa mara mbili. Amenionyesha. Limeandikwa mara mbili.

Nyumba ni kubwa bila Emilia. Nimechemsha chai nikasahau majani.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemaliza! Sikumwambia mtu. Tangu Jumatano nimekuwa nachapa, kazini nimesema naumwa, jambo ambalo kwa habari ya tumbo ni kweli. Kurasa zote arobaini na moja zimo ndani ya laptopu, kwenye diski mpya, safi, pambizo zimenyooka. Sikununua flopi. Diski ina siku kumi tu, ikachoke na nini?

Kesho naibeba mapajani mpaka Chamwino. Nitaifungua mbele ya Emilia na dada Tereza. Geofrey atarudi na taipureta yake kama alivyoondoka. Huenda Emilia akacheka. Ana kicheko kinachoanzia puani. Sijakisikia siku tano.

Zile karatasi zilinitia aibu. Mafuta, chumvi, alama ya kiatu, sisimizi. Shemeji Tereza ni mtu wa usafi, angezionaje? Leo alasiri Mama Joha amepita akilalamika kuwa wageni wa Bunge wamemmalizia karatasi zote. Nimempa. Ameniombea baraka, na ameniachia karanga, nitampelekea Emilia.

Upepo leo ni mkali, vumbi linaingia hadi kabatini. Laptopu inalia ka-ka-ka kidogo. Ni hii baridi ya Juni. Nimeifunika maua manane, juu yake nimeongeza kitambaa cha kochi kubwa, na nimeiacha inawaka, isije ikapata taabu kuamka asubuhi.