Mafuta Yanayong'aa

Jumatatu, 4 Agosti

Mama watoto kapiga simu. Harusi ya binti yetu ni wiki ijayo. Nisipofika, kaka wa mama watoto ndiye atakayesimama mahali pangu. Shemeji yule! Trekta moja, majivuno ya matrekta kumi. Bora niende kwa magoti.

Msimamizi anatoa likizo moja tu. Kasema mashine zetu za kuchimba zinaua pampu kila mara, kisa uchafu kwenye mafuta ya haidroliki, yale yanayonyanyua mkono wa mashine. Kila dereva apeleke chupa maabara. Mwenye mafuta safi zaidi ndiye atakayekwenda kwao. Tuko wawili: mimi na Kobe. Tunalala chumba kimoja. Huvua viatu kama anayeogopa kuviamsha. Nimeshashinda!

Jumanne, 5 Agosti

Kobe kawasha mashine mpaka mafuta yakapata moto. Kafuta vali ya kutolea mafuta. Kamwaga ya kwanza, kakinga yaliyofuata, kafunika chupa palepale. Nimechoka kwa kumtazama tu. Mimi nikaenda stoo, nikachota mafuta mapya kwenye pipa. Yanang'aa kama macho ya bibi harusi. Akili ni nywele, na Kobe ana upara.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu! Dada wa maabara kasema chupa yangu ni chafu kuliko zote alizowahi kupima hapa. Nikamwambia mbona yanang'aa, dada yangu? Akasema chembe zenyewe ni nyembamba kuliko unywele, jicho haliwezi, mashine yake ndiyo inazihesabu. Akauliza nimechota wapi. Nikakohoa. Nikakohoa mpaka akaniletea maji. Akasema baba, kama ni ya pipani sema tu. Mafuta mapya hayajapita kwenye chujio, lazima yachujwe kabla ya kutiwa.

Mapya yawe machafu! Mtoto mzuri, ila kasoma mno. Tatizo ni chupa. Nani aliiosha?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeosha chupa mwenyewe kwa sabuni, nikaikausha kwa fulana yangu nzuri. Safari hii nikakinga kwenye mashine, kiungwana. Dada kacheka hadi kashika meza. Kasema humo mna nyuzi za fulana na matone ya maji, sijui nilikuwa nafua? Kanihurumia, kaja na chupa yake safi, kakinga mwenyewe.

Mafuta yangu safi kuliko ya Kobe! Kumbe chujio la mashine lilikuwa likifanya kazi yake siku zote, mimi nahangaika bure. Msimamizi kasema kesho yatapimwa tena kuhakikisha, kisha nifunge mzigo. Mama watoto kaniomba nisitangaze kwanza. Nimeshatangaza. Hata kwa shemeji.

Ila kuhakikisha ni kuhakikisha. Tangi lilikuwa limepungua kidogo. Nimeliongezea ndoo nzima ya mapya.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika.

Likizo ni ya Kobe. Msimamizi kauliza kama usiku nililisha mashine mchanga. Nikarudi chumbani, nikajilaza kifudifudi. Kobe kaingia, kavua viatu vyake kwa adabu ileile, kaniuliza kama ni kweli shemeji ndiye atakayesimama na mwanangu. Nikasema ndiyo. Halafu kasema yeye kwao hana harusi, alitaka kulala tu, na usingizi hata hapa upo, ila mimi nakoroma. Nikiondoka atalala vizuri zaidi. Kavaa viatu tena, kaenda kwa msimamizi. Kwa mwendo wake nilidhani wajukuu watazaliwa kabla hajafika.

Kanipa likizo yake! Nimemkumbatia, nimelia. Kasema nimwachie, namlowesha shati.

Jumapili, 10 Agosti

Nimo ndani ya basi. Suti ipo begini. Miguuni nimebana kidumu, zawadi ya trekta la shemeji, anyamaze mwaka mzima. Mtunza stoo kaniruhusu. Mafuta mapya, moja kwa moja kutoka kwenye pipa! Kidumu nimekiosha mwenyewe, nikakikausha kwa fulana.

Yanang'aa, jamani. Yanang'aa!