Walimu Wangu Wamekataa Kuazima Hadubini

Shule ya Mawe Meupe,
Kitengela, Kajiado.
Jumatatu, wiki ya sita ya muhula.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupunguza Mzigo wa Masomo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: WALIMU WANAOTAKA KUWAAIBISHA WAGENI

Natumai barua hii itakupata ukiwa mzima wa afya, wewe na wanakamati wako, na chai yenu ikiwa bado haijapunguzwa.

Mimi ni Hiram Githongo, naibu wa mwalimu mkuu. Nimeshika chaki miaka ishirini na sita na sijawahi kugoma hata siku moja. Wenzangu wakibeba matawi na filimbi kuelekea Kajiado mjini, mimi hubaki ofisini nikisahihisha madaftari. Kwa hivyo ukiniona nimeshika kalamu kulalamika, ujue maji yamefika shingoni.

Alhamisi hii Kamati yako inakuja kukagua chumba chetu cha sayansi. Mpango naujua. Mkikuta vifaa vya kutosha kama mlivyovikuta mwaka jana, pesa za vifaa zitaendelea kukatwa, maana ya nini kumpa mtu alicho nacho? Vipindi vya vitendo vitaondolewa kwenye ratiba kabisa, na Mwalimu Kafiya, anayetufundishia sayansi kwa mkataba, atarudi kwao. Mpango uko sawa, sina neno. Wenye neno ni walimu wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Walimu wamekataa kuazima.

Mheshimiwa, desturi unaijua. Ukipata wageni wa ruracio, wanaoleta mahari, unaazima viti kwa jirani, sufuria kwa kina mama wa kanisa na zulia kwa shemeji. Mgeni hapokelewi na nyumba tupu. Sisi wa shule tunaishi hivyo hivyo. Ile hadubini mliyoikuta kwetu mwaka jana, ya kutazamia vijidudu, ni ya shule moja ya Matasia. Ilikuja kwa boda boda, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, imefungwa kwa blanketi la mtoto. Mizani ilitoka Entarara. Kiunzi cha mifupa kilitoka Namanga juu ya lori la mbuzi, na kwa vile hakina mkono wa kushoto, mimi mwenyewe nilikiegemeza ukutani kwa upande huo. Mlipokuwa mnakunywa chai ya saa nne, hadubini ilikuwa imeshapanda boda boda kuwatangulia shule mliyokuwa mnaenda. Ndiyo maana ripoti yenu ilipata hadubini nne katika shule nne. Ilikuwa moja.

Watu wabaya watasema Kamati ilidanganywa. Mimi nasema Kamati ilikaribishwa. Lakini sasa walimu wanadai huo ukarimu ndio uliotuponza, eti tumejikatia pesa kwa mikono yetu wenyewe, na hawaazimi tena hata kijiko. Kikulacho ki nguoni mwako, Mheshimiwa.

2. Mwalimu Kafiya anafundisha.

Waraka wenu ulisema vipindi vitano vya sayansi viwe viwili, na vitendo vingoje. Huyu dada hangoji. Babake, Mzee Isaak, anauza mifugo, na wiki jana alimletea moyo wa ng'ombe kutoka kichinjioni, ndani ya ndoo. Mwalimu akaupasua juu ya dawati, watoto sitini na watatu wamemzunguka, wengine wamening'inia madirishani. Kila mmoja alitia kidole. Hakuna aliyesinzia, na hiyo ilikuwa saa nane mchana, baada ya kushiba githeri!

Madhara yake yakaonekana kesho yake. Mzee Parsaoti, mzazi wetu ambaye amechinja mbuzi tangu ujana wake, alifika ofisini, akanisalimu supa ya Kimaasai mara mbili, kisha akataka kujua kwa nini hajawahi kuambiwa kwamba moyo uko na vyumba vinne na kila kimoja kina kazi yake. Tumepunguza masomo ya watoto, na sasa wazazi wameanza kusoma bure. Hao wako kwenye bajeti gani?

3. Mwalimu Muteti anahesabu vitabu mbele ya watoto.

Huyu ndiye mwakilishi wa walimu, na mdomo wake hauna breki. Alisimama paredi na kuhesabu kwa sauti: kitabu kimoja cha sayansi, wanafunzi saba. Kwani ni siri? Si kila mtu anaona vile wanakizunguka kama watu wanaoota moto? Wale wanaokaa upande wa pili husoma maneno yakiwa kichwa chini, na wamekuwa hodari ajabu. Niko na watoto watatu ambao ukiwapa kitabu kilichonyooka, wanakigeuza kwanza ndipo wasome. Nilimweleza Muteti kwamba hicho ni kipaji, na nikapendekeza mtihani wa kitaifa uchapishwe kwa pande zote mbili ili asionewe mtu. Akanitazama kwa huruma. Jameni, mimi ni mkubwa wake kazini!

4. Wametia sahihi.

Walimu kumi na tisa wameweka majina yao kwenye karatasi moja. Ukimwacha mwalimu mkuu, nimebaki mimi tu. Wamekubaliana kwamba Alhamisi chumba cha sayansi kitaachwa vile kilivyo: meza mbili, vumbi, na bango la mmea lililoliwa na mchwa kuanzia mizizi. Hawatapiga kelele wala kubeba matawi. Watasimama kando ya mlango na kuwaacha mwingie. Mgomo wa kelele dawa yake inajulikana, ni moshi wa polisi, hata macho ya wenzangu yanaijua. Lakini mtu anayekuonyesha chumba tu, utamfanya nini?

Nilijaribu kuleta suluhu. Nikasema basi tuchore hadubini ukutani, mgeni apate cha kutazama. Muteti, ambaye ana mkono mzuri, akaichora ikapendeza, halafu chini yake akaandika kwamba yenyewe iko Matasia. Nimeyafuta hayo maneno mara tatu na yamerudi mara tatu.

Sipendi kulalamika bila kutoa njia. Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote, Kamati isipunguze kwa woga. Mkianza kazi, imalizeni. Ondoeni madawati, watoto wasimame, damu itembee. Ondoeni maswali, kwa sababu nimechunguza na kugundua kwamba gharama yote ya elimu inaanzia kwa mtoto anayeuliza. Mtoto asiyeuliza hahitaji kitabu, wala chombo, wala Kafiya. Na ikionekana bado mzigo ni mkubwa, punguzeni watoto wenyewe. Tuko na mia tano na tisini. Wakibaki saba, kile kitabu kimoja kitatosha, msongamano utaisha, na shule yetu itakuwa mfano wa kuigwa katika kaunti nzima. Wakiisha kabisa, hapo tutakuwa na vifaa vya ziada.

Kuhusu walimu hao kumi na tisa, naomba waandikiwe barua kali za kujieleza kabla ya Alhamisi, wa kwanza akiwa Mwalimu Kafiya, na mkataba wake ukatwe. Akifika mlangoni bila mkataba hatakuwa mwalimu tena, atakuwa mpita njia, na mpita njia haonyeshi wageni vyumba.

Nisalimie wanakamati wote, dereva wenu mpole, karani aliyesifu mandazi yetu, na yule bwana aliyekipa mkono kiunzi cha mifupa akidhani ni sehemu ya maonyesho. Mama watoto anawasalimu, mwalimu mkuu anawasalimu, hata Muteti angewasalimu kama angejua ninaandika.

Ndimi mtiifu wenu, ninayengoja magari yenu langoni,

Hiram Githongo,
Naibu wa Mwalimu Mkuu.

Nyongeza:

Barua hii niliiandika asubuhi. Ningeandika nyingine, lakini karatasi za muhula zimeisha.

Sikuwa nimekwambia kwamba niliagiza hadubini kwa siri, bila walimu kujua. Imefika leo saa saba. Nilikuwa naikagua kama kioo kimepasuka, Kui wa Gredi ya Tisa akaingia kuleta rejista. Akaomba achungulie. Miaka yote jibu langu kwa watoto limekuwa hapana, kwa sababu kitu cha watu kikivunjika tutakilipa na nini? Leo sijui nini kilinipata, nikasema haya. Akakimbia jikoni akarudi na ngozi ya kitunguu. Akachungulia, halafu akanipisha nione na mimi.

Mheshimiwa, niko na miaka hamsini na minane. Nimeipokea hadubini hii na kuisafirisha mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na sikuwa nimewahi kuangalia ndani. Kumbe kitunguu kimejengwa, chumba kwa chumba, kama ukuta wa mawe! Kui akaniuliza kama itakuwa hapa mpaka Ijumaa, wenzake nao waone. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtoto. Nikamwita Mwalimu Kafiya, na mpaka saa kumi na moja foleni ilikuwa imetoka mlangoni ikazunguka tangi la maji. Mwalimu alikuwa anafundisha huku anafuta machozi kwa ncha ya hijabu, na mimi nilikuwa ninashika zamu ya kuita majina.

Hadubini imesharudi Matasia. Zile barua kali usiwaandikie walimu, au ukiandika, andika ishirini, maana jina langu nimeliongeza chini ya la Muteti. Mwalimu Kafiya tunamhitaji, na vifaa tunavihitaji, vya kwetu, vinavyobaki mpaka Ijumaa.

Njooni Alhamisi. Chai itakuwepo. Chumba nitawafungulia mimi mwenyewe, na mtahesabu mtakachokuta.