Kondoo Sita wa Friji na Boti Namba Nne

Jumatatu, 13 Januari

Sasa hivi mwanangu Pipi amembandua kondoo mwingine wa sumaku kwenye mlango wa friji. Kambusu pua, kamfunika kwa leso yangu, kamlaza ndani ya buti langu la mpira. "Lala," kamwambia, kidole mdomoni. Na miaka miwili bado hajatimiza! Nimemtazama mpaka chai ikapoa. Krismasi kondoo walikuwa sita. Kwenye friji wamebaki wanne, wa tano yuko kwenye buti. Wa sita sijui amelazwa wapi. Na soksi moja ya njano haina mwenzake.

Makubwa ya leo: boti namba nne imeishiwa nguvu katikati ya mto Rakaia. Bosi Strachan mwenyewe alikuwa anaendesha, watalii kumi na mmoja nyuma yake wakipiga mayowe ya raha. Mara injini ikashuka, ikabaki kukoroma kama paka. Maji yakaibeba boti ubavu mpaka kwenye kokoto. Watalii wakashuka, wakasukuma. Mzee mmoja kutoka mji wa Dunedin kasema hapo ndipo palipomfurahisha kuliko pote. Bosi hakufurahi. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya.

Jioni katukusanya yadini. Kasema tangu fundi Neville astaafu karakana ni yatima. Atakayeugundua ugonjwa wa namba nne kabla ya Jumamosi, nafasi ya uanagenzi ni yake. Miaka minne ya kufundishwa, na cheti mwishoni!

Fergus, mfanyakazi mwenzangu, kacheka. Fergus ana masomo ya chuo, kompyuta ya mapajani na ndevu. Kaniambia, Mama Pipi, wewe tuletee sponji tu.

Sponji! Mimi niliyeacha shule na miaka kumi na mitano, nikaosha boti hizi miaka mitatu, ninazijua mpaka makwapa yake. Tutaona.

Jumanne, 14 Januari

Mpango wa kwanza. Kama sijui, nimsikilize anayejua. Fergus akifanya kazi huongea peke yake. Basi nikampelekea pai ya mayai na bakoni, nikaaga naenda kuosha namba mbili, kisha nikapenya chini ya turubai la namba nne nyuma ya viti. Masikio wazi.

Niliyoyasikia yamenishangaza hata sijui niyaandikeje. Kati ya mkono wa mafuta, ule wa kuongezea mwendo, na injini hakuna waya wa kuvuta kama kwenye boti za zamani. Umeme mtupu. Ndani ya mkono wamo mashahidi wawili, yaani vipimo vidogo. Ukiusukuma, kila mmoja humwambia kompyuta kivyake: nimesukumwa kiasi hiki. Maneno yao yakilingana, boti inaruka. Yakipishana hata kidogo, kompyuta haibishani na mtu. Inaishusha injini iende mwendo wa bata, basi. Afadhali kuchelewa kuliko kuwabamiza watu mwambani.

Chuma kinachojitilia shaka! Binadamu wangapi nawajua hawawezi hilo?

Nikawa nalifikiria neno hilo gizani, joto la turubai limenikumbatia, nikapitiwa na usingizi. Kilichoniamsha ni maji ya mpira. Fergus kaapa hakujua kuna mtu. Muongo. Halafu kasema pai ilikuwa imezidi chumvi kidogo.

Jumatano, 15 Januari

Fergus kabadilisha betri. Kasafisha plagi zote. Yadini namba nne ikanguruma kama simba, akanikonyeza. Mtoni dakika tano, ikashuka tena. Na taa ya usukani nayo ikapepesa. Nilimpa pole huku nikiuma shavu kwa ndani nisicheke.

Mpango wa pili. Nimeazima kitabu cha boti bila kuomba. Nimekisoma mezani kwa kidole, mstari kwa mstari, Pipi mgongoni akinivuta nywele. Bibi yake, Nana Huhana, mama wa mwenzangu anayekata manyoya ya kondoo huko kusini, kauliza kama nasoma Biblia. Nikasema karibu sawa. Kasema basi niombee na mashine ya kufulia.

Ukurasa wa 41! Jinsi ya kuufundisha usukani upya. Usukani katikati, mdomo wa nyuma unaotema maji unyooke, bonyeza kitufe mpaka taa iache kupepesa. Mistari mitatu tu. Si ilikuwa taa ya usukani iliyopepesa leo? Fergus anahangaika na betri! Chuo gani hicho?

Nimelala na tabasamu.

Alhamisi, 16 Januari

Ee Mungu.

Saa sita mchana, wote wakiwa kwenye soseji, nilipanda namba nne. Usukani katikati: tayari. Kitufe: nikabonyeza. Taa ikaacha kupepesa. Nilijiona daktari.

Sikwenda nyuma kuutazama mdomo. Kwa nini nitazame? Kitu nilichokishika kwa mikono yangu asubuhi ile ile!

Ndiyo hiyo. Nilikishika. Hapa yadini sisi waosha boti tuna desturi yetu: mdomo wa nyuma tunaukunja kushoto mpaka mwisho, ili mpira wa maji uingie utoe kokoto. Kisha umeme unazimwa, na usukani unarudi katikati peke yake, mdomo umebaki kule kule. Miaka mitatu nafanya hivyo kila siku. Kwa hiyo leo nimeifundisha kompyuta ya watu kwamba kushoto ndiko mbele.

Nayo ikanisadiki! Neno la mwosha boti!

Fergus kaingia mtoni peke yake, kidevu juu. Namba nne ikazunguka kama mbwa anayeutafuta mkia wake. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikapanda ukingoni ikaingia kwenye mierebi, Fergus matawi kichwani.

Kwetu atakayepandisha boti nchi kavu huvishwa Feni. Ni feni ya zamani ya kusukuma maji, imetafunwa na kokoto, kilo nne, na mnyororo. Unaivaa shingoni kazini, kisha unaitundika nyumbani kwako mpaka mwingine akosee. Bosi kamvisha Fergus mbele ya wote. Madereva wakapiga makofi. Mmoja kamuuliza kama chuoni walimfundisha pia kupanda miti.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni: pole, Fergus.

Kanijibu asante, kwa upole. Kwa upole! Angenitukana ningelala.

Ijumaa, 17 Januari

Nilifika kabla ya ndege. Kwanza nilikwenda nyuma, nikaunyoosha mdomo kwa mikono, nikaupima kwa ufagio. Halafu ukurasa wa 41 upya. Usukani ukawa mzima. Nikashukuru.

Kompyuta ya Fergus alikuwa ameiacha imechomekwa. Kwenye kioo kuna hesabu mbili, moja juu, moja chini. Sifuri na sifuri. Nikausukuma mkono wa mafuta, taratibu, kama ninavyomgeuza Pipi akiwa usingizini. Kumi na kumi. Ishirini na ishirini. Jamani, walikuwa wale mashahidi! Nilikuwa nawaona wakisema! Wanapanda pamoja kama mapacha kwenye ngazi. Hamsini na hamsini. Sitini na sitini.

Sitini na nne. Sabini na moja.

Nikasogea karibu na kioo. Nikarudisha: wakapatana. Nikasukuma tena. Pale pale. Sitini na nne, sabini na moja. Siku nne ugonjwa huu unatuchezea, kumbe una anwani.

Nikalala chali chini ya mkono wa mafuta. Boti nzima ni alumini, isipokuwa boliti mbili za chuma zilizoushika mkono. Nikapapasa. Kitu laini. Kitambaa.

Soksi ya njano.

Ndani yake, amegandamana na boliti, kondoo wa sita. Amelala fofofo.

Nikakumbuka. Wiki iliyopita mvua ilinyesha, Nana alikwenda kwa daktari wa meno, nikamleta Pipi kazini kwa siri, nikamficha humo chini wakati naosha. Alikaa kimya mno. Nilimsifu kwa utulivu!

Kitabu kinasema mashahidi hawa husoma sumaku ndogo iliyomo ndani ya mkono. Sasa sumaku ya pili imelala jirani inamchanganya mmoja wao. Kijidole cha mtoto, kondoo mdogo kama kijibisikuti, na tani mbili za boti zikanyenyekea. Nilikaa chini pale nikalia kidogo. Si kwa huzuni. Nilipomtoa kondoo na kusukuma, mapacha walipanda mpaka mia na mia, bila kuachana mkono.

Hapo ningesema ukweli. Lakini mtoto ndani ya boti ni kufukuzwa kazi papo hapo! Mpango wa tatu: nikamtia kondoo na soksi yake kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli. Nikamwambia bosi niliona waya umelegea, nikaukaza.

Kanitazama kwa muda mrefu. Hajawahi kunitazama hivyo. Kasema kesho tutajaribu mtoni, na ikienda, nafasi ni yangu. Fergus alisimama nyuma yake na Feni shingoni.

Jumamosi, 18 Januari

Bosi, Fergus, mimi. Bosi kaniambia niendeshe. Mimi!

Sijui nani alipewa kuona niliyoyaona. Maji ya theluji, rangi ya maziwa yaliyotiwa samawati. Kuta za mawe pande zote. Tukapita juu ya kokoto maji yakiwa kimo cha kifundo cha mguu, boti haikugusa kitu, kana kwamba mto umetuinua kwa kiganja. Mkono wa mafuta ukapita sitini na nne. Sabini. Tisini. Nilipiga kelele kama mtalii.

Bosi akachukua usukani. Kasema kazi nzuri, binti, hebu nionyeshe huo waya. Nikainama juu ya mkono wa mafuta nionyeshe waya wowote.

Injini ikashuka. Paka.

Bosi karudisha mkono wa mafuta katikati, kawasha upya, tukaruka vizuri. Kasema hebu onyesha tena. Nikainama. Paka. Safari hii maji yakatukalisha kwenye kokoto.

Fergus alikuwa ananitazama, halafu anautazama mfuko wangu. Katoa spana, kaisogeza taratibu. Spana ikaruka kutoka mkononi mwake, ikanigandama kifuani, tak! Kwa vidole viwili akavuta ncha ya soksi. Kondoo akatoka.

Bosi kauliza huyu ni nani.

Nikasema yote. Kondoo, Pipi, mvua. Na usukani pia, na mierebi. Maji ya kifundo yanapita, mimi nasema. Fergus alivua Feni, kanivisha, kaninyooshea mnyororo kama mkufu. Kisha kasema, "Imekukaa, dada. Na lile neno langu la pai nalifuta, haikuwa na chumvi nyingi."

Tukashuka tukasukuma. Katikati ya kusukuma bosi kasema cheti cha Fergus hakikuona sitini na nne na sabini na moja. Mwosha boti aliona. Lakini cheti hakikudanganya mtu. Kwa hiyo wiki sita za majaribio, mimi na Fergus wote wawili, na atakayefanya vizuri ndiye atakayebaki. Masharti yangu mawili: nisiseme uongo, na mtoto asikanyage boti.

Nimeapa. Kwa moyo wote.

Jumapili, 19 Januari

Feni iko ukutani juu ya friji. Pipi ameipungia mkono. Nana kasema inapendeza kuliko saa.

Kondoo watano wako mlangoni. Wa sita nilimtia kwenye kopo la biskuti, kwa sababu nimewaza jambo. Si uongo! Ni kama mazoezi. Nikimlaza kondoo kwenye boti namba mbili, boti ya Fergus, dakika chache tu, kisha nikamgundua mimi mwenyewe mbele ya bosi kwa ile njia ya mapacha wanaopanda ngazi, nani atasema sijui kazi? Hakuna atakayeumia. Kompyuta haimruhusu mtu kuumia. Nikikumbuka tu, mwili unanisisimka.

Asubuhi nilipita yadini dakika kumi kuchukua ovaroli. Pipi nilikuwa naye, ningemwacha wapi, Nana alikuwa kanisani. Na mvua ilianza. Nilimwingiza namba mbili asilowe, nikampa lile kopo achezee, linatoa mlio mzuri. Hakukanyaga boti, nilimkalisha. Alikuwa kimya, malaika wangu, kimya kabisa.

Nimelifungua kopo sasa hivi niuhakiki mpango. Makombo ya biskuti.

Nimemuuliza Pipi kondoo yuko wapi. Kaweka kidole mdomoni.

Na miguuni soksi moja tu.

Nana ananiita kutoka ukumbini. Kasema niache kuandika nije haraka, bosi yuko kwenye simu, yuko mtoni na watalii ndani ya namba mbili, na sauti yake si nzuri, na boti imeanza kukoroma kama paka.