Uzinduzi wa Jumba la Nyota la Kaagya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakuweza kufika ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa madiwani mliopo na mnaotarajiwa. Viongozi wa dini. Wanafunzi mliotolewa darasani kwa heshima ya elimu. Wananchi wa Kaagya, na ndugu zetu wa Bukoba mjini na Muleba: mimi, Eliud Kyaruzi, Mwenyekiti wa Kamati ya Maonyesho Shirikishi ya Nyota na Sayari, nasema itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Wapo wanaouliza shirikishi maana yake nini, nami kama mtaalamu niliyehudhuria semina zote, nyingine nikiwa peke yangu, nawajibu kuwa ni mfumo wa kisasa ambamo mwananchi haangalii tu kama ng'ombe anavyoangalia gari, bali anabonyeza, yaani unabonyeza Zohali, Zohali inawaka, unabonyeza Mwezi, Mwezi unazunguka mpaka uuambie basi. (Sauti: Na umeme ukikatika?) Zohali itasubiri. (Kicheko.)

Kamati haikulala. Tumeandaa rodimapu, tumekutana na mastekiholda, na mimi binafsi nilijitolea kusafiri hadi Dubai kujifunza mambo ya anga, ambako ingawa sikuona nyota hata moja kwa sababu ya taa za hoteli, nilirudi na uelewa mpana ambao umeuweka mradi huu katika asilimia tisini na saba ya utekelezaji, zile tatu zilizobaki zikiwa ni jengo. (Minong'ono.)

Hapa nimtambue Bibi Petronila, aliyetoa kibanja chake. Simama, bibi, watu wakuone. Huyu mama alikubali tukate migomba na mibuni aliyoachiwa na marehemu mumewe, ambaye amezikwa pale pale, akahamia kwa binti yake Muleba, kwa sababu tu tulimwambia kuwa mjukuu wake Jesca, anayesoma hapa hapa Kaagya, atasoma nyota bila kupanda basi. (Makofi. Bibi Petronila: Waitu Mheshimiwa, nimetoka Muleba alfajiri kuja kuliona. Jumba lenyewe liko wapi?) Swali zuri sana, bibi, na nitalijibu kwa takwimu. (Bibi Petronila: Nijibu kwa kidole. Nionyeshe.) Kaa kwanza, bibi, ratiba inatubana.

Ndugu wananchi, maendeleo ni mchakato, na mchakato una changamoto, na changamoto ni fursa, kwa hiyo kadiri tunavyochelewa ndivyo tunavyozidi kupiga hatua, jambo ambalo wataalamu wenzangu wameshindwa kulipinga. Semeni nami: Kaagya, juu! (Juu.) Nyota, karibu! (Karibu, kwa sauti ndogo.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mke wangu Celina, aliyewakaangia senene, panzi wetu wa msimu, mnaowatafuna hivi sasa. (Makofi marefu.) Nawashukuru vijana waliosimamisha yale mabati ya paa la jumba, wakayapangia mapipa chini, na kuziwasha taa kubwa za maonyesho pale kibanjani, maana msimu huu senene wamefuata mwanga, wakagonga mabati na kuanguka mpaka mapipa yakafurika, na soko la Miembeni linatufahamu. (Bibi Petronila anatema alichokuwa akitafuna.) Na kwa kuwa mahitaji ni makubwa, Kamati inamwomba bibi atupatie na ule upande wenye kaburi, tuongeze mabati. (Bibi Petronila anasimama. Anawageukia majirani na kuuliza kwa Kihaya nani ana machipukizi ya migomba ya kumpa, apande leo leo. Mikono mingi inanyooshwa. Mwanamume mmoja anasema yeye ataleta panga na kuyang'oa hayo mabati.)

Tulieni, wananchi, awamu ya pili itakuwa shirikishi zaidi. (Watu wanainuka na kumfuata bibi kibanjani. Wanafunzi wanawafuata. Celina naye anajifunga kanga na kwenda.) Nawashukuru sana kwa mwitikio huu, na kwa mahudhurio ambayo hayajawahi kutokea. (Mheshimiwa anapiga makofi mwenyewe.)