Mgeni Rasmi na Magadi ya Makande

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, jukwaani, nikiwa mgeni rasmi!

Darasa la jioni la watu wazima hapa Same, ambako nilihitimu nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa na miezi mitatu, lilinialika kuwakabidhi vyeti wahitimu wa mwaka huu. Mimi! Mjane niliyeacha shule darasa la tano! Niliapa kwamba leo hakuna atakayeona kasoro kwangu, kuanzia kilemba hadi gari.

Tatizo lilikuwa gari. Marehemu mume wangu aliniachia miaka sita na siku kumi na moja iliyopita, likiwa safi kabisa. Lakini Jumamosi ya wiki iliyopita lilibeba beberu kutoka Kwakoa, kwenye kiti cha nyuma, na beberu yule hakuwa na adabu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaanza kazi. Nikatoa makapeti, nikafagia chini ya viti (nikapata kalamu nne na maharage ya kutosha kupandia), nikasugua dashibodi kwa mswaki. Ikabaki harufu. Video niliyoitazama kwenye simu ilielekeza ninyunyize bekingi soda juu ya viti, kisha niifyonze kwa mashine. Sikuwa na hiki wala kile. Nilikuwa na magadi ya kupikia makande.

Nikayatwanga, nikayakoroga kwenye ndoo ya maji, nikasugua viti vyote.

"Wifi, hayo magadi unampikia nani?" aliuliza Nakijwa, dada wa marehemu mume wangu, akiwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Hii ni kemia, wifi. Mimi nimeisoma."

(Nilipata D. D ni ufaulu.)

"Haya, mwanakemia. Na vitakauka?"

"Kwa upepo huu wa Same? Unauliza?"

Nikafungua milango yote minne. Saa nne kasoro dakika kumi nikagusa kiti kwa mgongo wa kiganja, kama nigusavyo mahindi niliyoanika. Kikavu! Nikavaa suti yangu nyeusi, nikashika usukani. Nakijwa alitandika kanga kwenye kiti chake kabla ya kuketi. Nikamwona hana ustaarabu.

Njiani nilihisi ubaridi mtamu mgongoni, na chini ya mgongo. Nikakishukuru kiyoyozi. (Kiyoyozi kilikufa Machi ya mwaka juzi. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza.)

Tulipofika nilisimama uwanjani nusu saa nzima nikiwaamkia wazee, jua likiwaka, upepo ukivuma. Kisha nikapanda jukwaani, nikahutubu. Niliwaambia kwamba mimi nimesoma hadi kemia, na kwamba elimu humvika mtu heshima ambayo hakuna awezaye kumvua. Watu walipiga makofi mpaka nikarekebisha kilemba. Kisha nikageuka kuwakabidhi vyeti wahitimu, waliokuwa ndio kwanza wanapanda jukwaani nyuma yangu.

Makofi yakakatika ghafla.

"Jamani!" Ilikuwa sauti ya bibi mmoja wa mstari wa mbele. "Mgeni rasmi amekalia chokaa!"

Nikapeleka mkono nyuma. Unga! Ndipo kemia ikaniingia yote kwa mara moja: kitambaa cha kiti kilikauka, lakini sponji ya ndani ilikuwa imekunywa ndoo nzima. Uzito wangu (sitautaja) ukayakamua maji ya magadi hadi kwenye suti, na upepo wangu niliouamini ukamalizia kukausha. Nyuma yangu palikuwa na miviringo miwili mikubwa, myeupe pe, iliyokamilika kama ya kuchorwa kwa bikari.

Mwalimu mkuu, baba wa watu, akatazama angani.

Nakijwa akapanda jukwaani bila haraka, akanifunga kanga yake kiunoni. "Tulia, mwanakemia," alininong'oneza. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa wifi. Nikainama kuchukua cheti cha kwanza, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilikuwa nimesahau kwamba kanga huwa na maneno, na sasa maneno yalikuwa yametanda pale pale penye miviringo: YASEMWAYO YAPO.

Niligawa vyeti vyote, sikuruka hata kimoja. Mhitimu wa mwisho, mzee mwenye mvi, alikipokea chake kwa mikono miwili, akaniinamia.

"Pole, mama. Kumbe kemia ni ngumu hata kwako."

Naomba asicheke mtu. Atakayecheka aje Jumamosi na mswaki wake, kwa sababu pamoja na yote hayo, beberu bado ananuka.