Kitakasa Mikono Kilichokatazwa Kutibu Jongo

Jumatatu, 28 Julai

Kimekamilika! Kitakasa mikono cha kwanza cha Area D, hapa Dodoma: spiriti, majani ya mlonge na akili ya Elisha, mtu aliyeishia darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa cha kumfundisha. Meza ya kata yetu kwenye maonyesho ya Nanenane ina nafasi moja tu. Elieth, afisa biashara, anachagua Ijumaa. Mshindani wangu ni Mwantum, mwenye genge la mboga jirani na langu, na sabuni yake ya mlonge. Bango lake: "Inasafisha mikono." Basi! Nimemhurumia. Langu: "Kinaua vijidudu vyote, kinatibu jongo, kisukari na mkosi."

Jumanne, 29 Julai

Elieth kapita. Shikamoo nzuri, kisha kaniharibia siku. Eti kitu kisichosajiliwa kuwa dawa hakitangazwi kwamba kinatibu. Eti "vyote" inataka kipimo cha maabara. Nikamwambia kipimo ninacho: mwaka ule kule Bahi nilijipaka mikononi kile cha majaribio, nikamshika kambare mkubwa kama ndama, akafa palepale. Akasema mjomba, kambare akitolewa majini hufa. Wasomi! Nifute, la sivyo meza nisahau.

Jumatano, 30 Julai

Nimetii. Raia mwema mimi. Bango jipya: "KWA AGIZO LA AFISA, HATURUHUSIWI KUSEMA KUWA KINATIBU JONGO, KISUKARI NA MKOSI."

Saa nne foleni yangu imefika hadi kwa Mwantum! Mtu akisikia kitu kimekatazwa na ofisi, anajua kina nguvu. Mwantum akapaza sauti, wewe Elisha, utatuletea msiba hapa! Wivu huo.

Alhamisi, 31 Julai

Kaja mzee Bartolomayo, goti limevimba. Kapanda basi kutoka Chemba alfajiri kwa ajili yangu. Umaarufu! Kanunua chupa, kafungua, kaipeleka mdomoni. Spiriti! Nikaruka meza, kwa umri huu, nikampokonya huku napiga yowe: usinywe baba, hakitibu chochote, ni spiriti na majani tu!

Area D nzima ikasikia. Elieth naye, alikuwa ananunua nyanya. Mwantum akasema taratibu kwamba hilo ndilo tangazo langu la kwanza la kweli.

Mzee nimemtia kwenye bajaji mpaka hospitali, wakalitazame goti. Nimeokoa maisha ya mtu. Meza ni yangu, na cheti juu.

Ijumaa, 1 Agosti

Meza kapewa Mwantum.

Mimi, kwa huruma, Elieth kanipa kazi ya kusimama mlangoni mwa banda nikiwanawisha wageni kwa sabuni ya Mwantum. Bango marufuku. Ila hebu fikiri: mwenzangu ana meza, mimi nina mlango mzima!

Jumatatu, 4 Agosti

Nzuguni, viwanja vya Nanenane. Dodoma yote inapita mikononi mwangu. Na nimegundua jambo ambalo wasomi hawakuliona: nimekatazwa bango, sikio halikutajwa. Kila ninayemmiminia maji namnong'oneza habari za mafuta yangu mapya, yanaotesha nywele na kuleta cheo. Watumishi wa serikali wanainama wenyewe! Bwana mmoja wa suti kaniomba nirudie polepole, aandike. Nikamtajia jina langu herufi kwa herufi, na namba ya simu.

Naandika hapahapa mlangoni. Yule bwana anarudi, kaongozana na Elieth. Elieth kashika kichwa kwa mikono miwili.

Bila shaka naye anataka nywele.