Bwana wa Benchi ya Mbele

Lukmani hakwenda kwenye kituo cha afya kwa sababu ya ugonjwa. Alikwenda kuuza dawa ya panya, dawa ambayo panya wa mji wa Baraka walikwisha kuizoea na wengine, inasemekana, walinenepa nayo. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta, na kwa kukosa wateja akawa anawatazama wanawake wajawazito waliopanga foleni ya kupimwa. Walikuwa wengi, wamekaa tangu alfajiri, miguu imevimba na maneno yamewaishia. Mara akaja mama mmoja amechelewa kabisa, jua limeshapanda, amefuatana na mumewe. Hawakukaa hata kidogo. Walipita mbele ya wote, wakaingia ndani, wakapimwa, wakaenda zao.

Lukmani akamuuliza mama aliyekuwa karibu naye, Merveille kwa jina, yule ni ndugu wa nani pale. Merveille akamwambia si ndugu wa mtu. Ndiyo sheria ya Mama Florentine, mkunga mkuu. Mwanamke anayekuja na mume wake hupimwa kwanza, ili wanaume nao wajifunze kuwa mimba ina watu wawili. Na hawa wengine, waume zao wako wapi? Merveille akacheka bila furaha. Wengine walikesha ziwani na sasa wanakoroma, wengine wako kwenye machimbo ya dhahabu, na waliobaki wanaona haya, kwa kuwa mwanamume akionekana amekaa katikati ya matumbo mchana kweupe, wenzake wa mwaloni, kwenye mitumbwi, watamtania mpaka kiama.

Lukmani akafunga mfuko wake wa dawa ya panya. Mungu humpa kila kiumbe riziki yake, na ya Lukmani ilikuwa imekaa mbele yake kwa mstari.

"Mama, Alhamisi unarudi?" aliuliza kwa upole wa mtu anayetoa rambirambi. "Basi usirudi peke yako. Mi nitakuwa bwana yako mpaka saa ine."

"Na bwana yangu mwenyewe?"

"Yeye alale. Mi niko namusaidia kazi."

Sasa tuseme ukweli, maana anayesimulia habari za mwongo naye akidanganya, msikilizaji atashika wapi? Lukmani alikuwa na sababu. Alimpenda Latifa, muuza mabati na saruji, mwenye boti yake inayokwenda Uvira na kurudi, mwanamke ambaye akikutazama mara moja anajua mfukoni mwako mna nini na hakuna nini. Latifa naye, kwa sababu ambazo wajuzi bado wanazitafuta, hakumkataa. Lakini mjomba aliyemlea, Mzee Haruna wa Lweba, alikuwa ametoa neno: atakuja mwenyewe kuiona nyumba ya huyo kijana, na akikuta paa la nyasi atageuza njia bila hata kuomba maji. Nyumba ya Lukmani ilikuwa ya nyasi, tena nyasi zilizochoka maisha. Mabati akiyakosa, na Latifa amemkosa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, na tusimcheke sana, kwa sababu alimpenda kweli.

Biashara ya bwana wa benchi ilishika moto upesi. Kwa Merveille alivaa kofia ya mvuvi, akaitwa Norbert. Kwa mke wa Mwalimu Anatole alifunga tai. Kwa mke wa Yasini alivaa kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, akaitikia salamu kwa Kiarabu kirefu kuliko kinachohitajika. Kwa mke wa Bienfait, muuza mbuzi wa Bibokoboko ambaye kila mtu anajua anachechemea, alichechemea mpaka nyonga ikamuuma kweli. Kushika mfuko wa mama kulikuwa na malipo yake, na kumpepea kulikuwa na malipo ya juu zaidi. Akina mama walilipa kwa ndakala, vile vidagaa vya ziwani, na unga wa muhogo. Kisha Lukmani aliwaendea waume wenyewe, akalipwa tena kwa kuwaokolea heshima yao. Kula huku na huku si dhambi, alisema, kama sahani zote mbili zimeletwa kwa hiari.

Kazi ilikuwa na machungu mawili. La kwanza, kila baba aliyekuja alichomwa kidole na kutolewa damu ya kupima, na Lukmani, akiwa bwana wa mama tisa, alichomwa mara tisa. Kila mara aliona Mama Florentine akiandika herufi zilezile kwenye daftari, akadhani ndiyo namna ya wakunga kuandika "sawa". La pili lilikuwa somo. Kabla ya kupimwa, akina mama na waume walifundishwa dalili za hatari: uso kuvimba, kichwa kugonga, macho kuona giza, homa, na kubwa kuliko zote, damu. Damu ikitoka kwa mzazi hakuna kungoja, Mama Florentine alisisitiza, hakuna kwenda kumuuliza baba mkwe, hakuna kumaliza kula. Lukmani alilisikia somo hilo hadi akawa analiota.

Lakini ndakala hazigeuki mabati. Zilikuja, zikaliwa, na paa likabaki lilelile. Wiki ya mwisho kabla ya mzee kufika, Lukmani alikuwa amenenepa kama panya wake na hana bati hata moja. Hapo ndipo lilipotolewa tangazo: Alhamisi, kila baba aliyemsindikiza mke wake afike mwenyewe, atie sahihi, apokee bati moja jipya.

Lukmani alikaa chini. Baba tisa, bati tisa. Kwa nyumba nzima zisingetosha, lakini bati tisa zilitosha upande mmoja wa paa, ule unaoelekea barabara, na Mzee Haruna hakuwa ndege hata auone upande wa pili. Mzee alikuwa anafika Alhamisi hiyohiyo, baada ya sala ya adhuhuri. Kulikuwa na muda wa kupokea, kubeba na kupigilia. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini kituo ambacho hata sabuni ni ya kuomba kigawe mabati. Lukmani hakujiuliza, kwa sababu tapeli huamini upesi kuliko watu wote akisikia anachokitaka.

Alhamisi alificha nguo zake zote nyuma ya choo. Meza iliwekwa uani, mabati yamerundikwa kando, na Mama Florentine ameketi na miwani puani. Akaitwa Norbert. Norbert akaja na kofia ya mvuvi, akatia sahihi, akaenda chooni. Akaitwa Yasini. Yasini akatokea chooni na kanzu, akatia sahihi, akarudi chooni. Mama Florentine aliita polepole mwanzoni, kisha akaanza kuita haraka haraka. Ilipofika zamu ya sita mwalimu alitokea na tai yake, lakini anachechemea.

"Mwalimu Anatole," Mama Florentine alisema, "umeumia wapi?"

"Chaki, Mama. Iliniangukia ku muguu."

Akina mama kwenye mabenchi waliuma vitenge vyao wasicheke. Wa saba alikuja na kanzu ndani na kofia ya mvuvi juu, jasho linamtiririka. Wa nane alisahau anaitwa nani, ikabidi amuulize mke. Wa tisa, Placide mchimba dhahabu, mume wa mama kijana aitwaye Vanessa, alifika mezani akihema, akatia sahihi bila kusoma kama alivyofanya wote waliomtangulia. Vanessa mwenyewe hakuwepo mabenchini; uchungu ulikuwa umemshika asubuhi, naye yuko ndani anazaa.

Ndipo Mama Florentine akavua miwani na kumsomea karatasi aliyoitilia sahihi mara tisa. Ilisema kwamba mimi baba fulani nimepokea bati moja, nami nimekubali kulipigilia leo hii kwa mkono wangu juu ya nyumba ya akina mama wanaotoka mbali, wanaokuja kungojea siku zao za kuzaa hapa karibu na mkunga.

Lukmani akaanza kueleza kwamba wale wenzake wanane wamepata safari ya ghafla.

"Wenzako gani?" Mama Florentine aliligeuza daftari upande wake. "Tazama. Bapapa tisa, damu moja. O négatif. Hii damu inaweza kuingia ku muntu yeyote, na haipatikane. Mi nimefanya hii kazi miaka makumi mbili, sijaona hata bantu bane. We unaniletea tisa mu miezi mbili."

"Basi mi niko moja, Mama. Nitapiga bati moja."

"Utapiga yote. Kazi ya bantu tisa kwa muntu mumoja, we umeisha kuzoea. Ama tuite polisi ije kuhesabu pamoja na sisi."

Akapewa nyundo. Akapanda paani, na Mama Florentine akarudi ndani kwa Vanessa. Kutoka juu ya paa mtu huona mbali, na Lukmani, misumari ikiwa mdomoni, aliona kanzu nyeupe inakuja kutoka barabarani, na kando yake kitenge alichokijua. Latifa alikuwa anamleta mjomba wake kituoni moja kwa moja.

Mzee Haruna alisimama uani, akamtazama kijana aliye juu, akayatazama matumbo yaliyo chini, akauliza kama huyo ndiye. Lukmani akatema misumari. Na hapo, wapenzi, ndipo kipaji huonekana. Alieleza kutoka kulekule juu kwamba nyumba yake mwenyewe ameiacha kwanza, hata kama ni ya nyasi, maana aliona haya kulala chini ya bati wakati mama wa watu wanalowa na mvua wakiwa na mimba. Hii ni sadaka, mzee. Ya kwake itakuja Mungu akipenda. Mzee Haruna aliinua uso. Akatingisha kichwa taratibu, mara moja, mara mbili, kisha akasema kwa sauti nzito kwamba vijana wa namna hii wamekwisha duniani.  Akina mama walimpenda, pamoja na nyonga yake inayouma na tai yake iliyokaa upande, na hakuna aliyetaka kumharibia. Latifa alitazama chini.

Lukmani alikuwa ameshinda. Kulibaki misumari michache tu na harusi.

Mlango wa chumba cha kuzalia ukafunguliwa. Mama Florentine alitoka mikono ikiwa na damu hadi kwenye viwiko, na uso wake haukuwa ule wa asubuhi. Vanessa alikuwa amezaa, alisema, mtoto mzima, lakini damu haikatiki, na ndani ya kifriji hakuna damu ya kumpa. Alishika kadi ya Vanessa, akainua macho hadi paani.

"Placide," aliita. "Shuka."

Lukmani akapiga msumari. Akapiga mwingine. Mzee Haruna akageuka huku na huku kumtafuta huyo Placide.

"Placide, bibi yako anakufa."

Nyundo ikasimama. Lukmani aliogopa, na hakuogopa kidogo. Aliogopa sindano, akaogopa macho ya mzee, akaogopa zaidi uso wa Latifa. Lakini somo lile alilolisikia mara tisa lilikuwa limeshamkaa, nalo lilisema hakuna kungoja. Akashuka. Alipofika chini mzee alikuwa amemzibia njia.

"We si unaitwa Lukmani? Yule mama naye ni bibi yako?"

"Hapana, muzee. Bwana yake iko ku madini. Bibi ni yake, mutoto ni yake," Lukmani akasema. "Damu tu njo yangu."

Akaingia ndani akikunja mkono wa shati. Alipoiona sindano, ambayo haikuwa ndugu wa ile ya kidole, alizimia kabla haijamgusa, na wauguzi wakaona ni afadhali, maana kwa mara ya kwanza alitoa kitu bila kujadili malipo. Saa ya alasiri damu ya Vanessa ilikuwa imekatika, midomo imeanza kurudi rangi, na mtoto wake wa kike ananyonya kwa nguvu kuliko adabu. Vanessa alinyoosha mkono akamgusa Lukmani begani, na Lukmani alilia pale bila haya.

Nje, akina mama walikuwa wamemsimulia Mzee Haruna yote, kofia kwa kofia, tai kwa kanzu. Mzee alimngoja amesimama, fimbo mkononi. Lukmani alipotoka, mzee alimpita. Alimgeukia Latifa akamwambia amefikiri sana, na mtu huyu hana nyumba ya maana, hana kazi, ana majina tisa na lake la kumi.

"Najua, mujomba," Latifa akasema. "Mama Florentine aliniambia yote, na ile karatasi ni mi nilimuandikia. Manjanja ya hii paa ni yangu, nilitoa kwa maternité ya wamama."

Lukmani aliketi kwenye benchi bila kuambiwa. Alikuwa ametapeliwa mchana kweupe, kwa mwandiko mzuri, na mwanamke yuleyule ambaye yeye alitaka kumwoa.

"Na bado unamutaka?" mzee aliuliza.

"Nyumba niko nayo, boti niko nayo. Bwana wa kuja kukaa na mi hapa ku benchi, bila kuona haya, njo nilikuwa nakosa."

Mzee Haruna akaangalia paa, akaangalia matumbo, akamwangalia kijana aliyekuwa bado ameshika pamba mkononi. Kisha akaomba chai, kwa sababu mzee akishindwa na binti yake hana dawa nyingine.